Daftari la Mwethya

Kama uko shambani, egemea jembe kidogo. Kama uko jikoni, punguza moto. Leo sikuletei habari ya waziri wala ya mbunge. Leo nataka tufungue daftari.

Daftari lenyewe ni lile la shule, la mistari. Limevalishwa jalada la gazeti, na juu ya gazeti nailoni, ili umande na jasho visilile. Kalamu imefungwa kwa uzi wa katani, asije mtu akaondoka nayo kwa kusahau. Nililiona kwenye mto mkavu kusini mwa Kitui, ukishapita Mutomo kuelekea Ikutha, saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Katibu wa kikundi, mama wa makamo ambaye miwani yake imeungwa mkono mmoja kwa waya, alikuwa amesimama juu ya jiwe akiita majina. Watu wameketi mchangani. Kina mama wanasuka vyondo huku wakingoja kuitwa, maana huku kwetu mikono ya mwanamke haikai bure hata mkutanoni. Kando yao sururu, sepetu, wilbaro tatu, na punda wawili wenye mitungi ya maji ubavuni.

Aliyekuwapo aliitika, "Nipo." Aliyekuwa na sababu alisemewa na jirani. "Yuko kliniki na mtoto." "Amefiwa na shemeji, amemtuma kijana wake, huyu hapa." Katibu anainua macho, anamkagua kijana, anaweka alama. Majina arobaini na mbili yakaisha. Nikadhani kazi inaanza. Kumbe lilibaki moja.

"Klabu!"

Kimya.

"Klabu!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Hao wako Nairobi, bado wamelala." Katibu hakucheka. Aliandika sifuri, kama alivyowaandikia wengine wawili ambao hawakutokea wala kutuma neno, na mbele ya sifuri akaandika 50. Shilingi 50, faini ya kutofika. Kisha akafunga daftari, akalitia kwenye kyondo chake, akajifunga leso kiunoni na kushika wilbaro.

Msikilizaji, nimesafiri Kitui na Makueni mara nyingi, na nimeona miradi ya kujitolea ya kila namna. Ile sifuri imenifundisha kuliko hotuba zote za uzinduzi nilizowahi kurekodi. Tuiangalie taratibu.

Hiyo klabu ni ya watu wazuri. Jina lake naliacha. Ni wahasibu, manesi, walimu wa chuo, wenye maduka ya vipuri. Wazawa wa huku wengine, wageni wengine, wote wakiishi mjini. Wanachanga kila mwezi, na mara moja au mbili kwa mwaka wanakodi basi na kuja kufanya kazi ya jamii. Mwaka mmoja kabla ya siku ile walifika kwenye mto huo wamevaa fulana za rangi moja, wakaleta simiti, wakapiga picha, wakaomba waitwe washirika. Wanakikundi wakakaa, wakashauriana, wakarudi na jibu: karibuni sana, ila sisi mshirika tunamjua ni yule aliye kwenye daftari. Klabu ikakubali. Nina hakika walidhani ni heshima tu. Kumbe jina likishaingia mle linaitwa kama mengine.

Sasa, kikundi hicho na vingine maelfu vya Ukambani vina mzizi mmoja, na mzizi huo unaitwa mwethya. Zamani mtu akiwa na shamba lililomshinda kupalilia, au nyumba ya kuezeka kabla mvua haijamkuta, aliwaita majirani. Akapika muthokoi au isyo, wakaja, kazi ya wiki mbili ikaisha kwa siku moja. Kesho kutwa akaitwa yeye. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyesaidiwa bure. Kila jembe lililoinuka shambani mwako ni deni, nawe utalilipa kwa jembe.

Si jambo la Wakamba peke yao. Wakikuyu wana ngwatio, Wajaluo wana saga, ndugu zetu wa Upare kule Tanzania wana msaragambo, na Rwanda umuganda umewekwa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Hata hizi klabu za kizungu za utumishi, ukizichimba utakuta kitu hicho hicho. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905. Mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu walikuwa wakikutana leo katika ofisi ya huyu, wiki ijayo katika ofisi ya yule. Jina Rotary lilitokana na kule kuzunguka. Ni zamu, basi! Mwaka 1930 Nairobi nayo ikapata klabu yake ya Rotary, zikafuata nyingine, na za majina mengine. Huenda hao wa Chicago wangelielewa daftari la katibu wetu haraka kuliko tunavyodhani.

Lakini mwethya umepita mahali pagumu, na historia hii vijana wetu hawaisikii vya kutosha.

Mwaka 1937 ofisa wa udongo wa serikali ya mkoloni, Colin Maher, aliandika ripoti juu ya ardhi ya Ukambani, na picha aliyoichora ilikuwa ya msiba: vilima vimevuliwa nguo, udongo umekwenda na maji, makorongo kila upande. Dawa ya serikali ilikuwa amri. Mwaka uliofuata, 1938, ng'ombe wa Wakamba walianza kuchukuliwa na kuuzwa kwa nguvu, ikisemekana mifugo imezidi nchi. Ndipo Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, mpaka Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na gavana. Serikali ikarudi nyuma, ila Mbingu akapelekwa kizuizini Lamu. Leo ukipita mtaa wa Muindi Mbingu pale Nairobi ukienda Soko la Jiji, kumbuka safari ile.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili amri ikaja kwa sura nyingine: kuchimba matuta. Chifu anasimama, watu wanachimba, asiyefika anashtakiwa. Waliiita kazi ya jamii, lakini jamii yenyewe haikuulizwa. Mkoloni alipolegea, watu wengi waliyaacha yale matuta yabomoke, na nani angewalaumu?

Halafu ikatokea ajabu. Katika miaka ya 1960 na 1970, bila askari wala chifu wa kuwasimamia, watu wale wale wakayarudia matuta kwa vikundi vya mwethya, shamba hadi shamba. Safari hii walichagua mtindo wao: unachimba mtaro kwa kufuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu. Mtindo huo unaitwa fanya juu, na wataalamu wa udongo duniani wanauita hivyo hivyo katika vitabu vyao, kwa Kiswahili. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake mpaka 1992. Walionyesha kwamba watu waliongezeka kutoka karibu 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulipungua. Nchi aliyoiandikia Maher tanzia ilipata nafuu mikononi mwa wenyewe.

Tofauti iko wapi basi? Mlima ni ule ule, jembe ni lile lile, na hata orodha ya majina ilikuwapo nyakati zote mbili. Mkoloni alikuwa na orodha pia! Ila orodha ya chifu ilikuwa ya kumkamata mtu. Orodha ya mwethya ni ya kumjua: nani amelima kwa nani, nani anadai, nani anadaiwa. Chifu mwenyewe hakuwamo katika orodha yake. Katibu wetu, yule wa miwani ya waya, jina lake ni la tatu kutoka juu, na mwezi ule alikuwa amejiandikia faini kwa kuchelewa.

Turudi mtoni. Nilikuahidi daftari, lakini lazima nikuonyeshe na kazi inayoandikwa mle.

Kitui na Makueni hazikosi mvua kabisa. Shida ni kwamba mvua inakuja kwa fujo na kuondoka bila kuaga. Tuna misimu miwili, masika na vuli, na sisi tunategemea zaidi mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba. Ikinyesha, mto uliokuwa njia ya mbuzi unanguruma usiku kucha. Baada ya siku chache ni mchanga tena, na maji yameshafika mto Athi au Tana yakielekea bahari ya Hindi. Vuli ikikosa, ndipo wazee wanapoipa njaa jina. Ile ya mwisho wa karne ya 19 waliiita Ngomanisye. Ya miaka ya 1980 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika hela, kwa kuwa pesa zilikuwapo mfukoni na chakula hakikuwapo dukani. Na hii ya juzi, misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, sijui wajukuu wataiitaje.

Sasa fanya jaribio hili nyumbani. Chukua sufuria, ijaze mchanga wa mtoni mpaka ukingoni. Umejaa, sivyo? Mimina maji polepole. Utashangaa: utaendelea kumimina hadi karibu theluthi ya sufuria kabla hayajamwagika. Maji yamejificha katikati ya chembe. Iache juani. Juu patakauka upesi. Chimba kidole, chini pana unyevu.

Bwawa la mchanga, lile linalojengwa na kikundi kile cha mtoni, ni sufuria hiyo hiyo, kubwa. Wanatafuta mahali ambapo mwamba uko karibu chini ya mto na kingo ni imara. Wanachimba mpaka jiwe mama lionekane. Wanasimamisha vyuma, wanazungusha seng'enge, wanapanga mbao, kisha wanajaza mawe na simiti, ukuta unakata mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mafuriko yakija yanaleta mchanga na tope. Mchanga, kwa uzito wake, unatua nyuma ya ukuta, na tope jepesi linaruka juu na kwenda zake. Msimu mmoja, miwili, wakati mwingine zaidi, nyuma ya ukuta panajaa mchanga tupu, na ndani ya mchanga mamilioni ya lita za maji. Jua haliyafikii. Ng'ombe hawayakanyagi. Mbu hana pa kutagia. Kando ya ukingo unachimba kisima, unatia pampu ya mkono. Na kwa kuwa maji yanatambaa ndani kwa ndani hadi kwenye kingo, utaona sukuma wiki, nyanya, migomba na miembe mahali ambapo jana palikuwa na miiba.

Wapo waliotangulia. Mwaka 1978, kule Kola, upande wa Machakos unaopakana na Makueni, Joshua Mukusya na majirani zake wachache waliunda kikundi cha Utooni, wakaanza na matuta na maji. Kikundi kile kilikua mpaka kikawa shirika la kusaidia vikundi vingine kujenga. Huku Kitui, shirika la SASOL, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, limejenga pamoja na wanavijiji zaidi ya mabwawa 500 ya mchanga. Ukisimama juu ya kilima wakati wa kiangazi unaweza kuyatambua bila kuonyeshwa: unatafuta tu palipo na kijani.

Siku ile niliingia kwenye mstari. Mawe yalikuwa rundo la juu, ukuta uko chini, na kati yake watu wamesimama hatua moja moja wakipokezana. Jiwe linakufikia, linazunguka kifuani, linakwenda. Nilijifunza mambo mawili upesi. Kwanza, usilitazame jiwe, mtazame anayekupa. Pili, wimbo hauimbwi kwa starehe. Ukinyamaza, mikono inapoteana na jiwe linaanguka mguuni. Mama aliyekuwa kulia kwangu, umri wa mamangu, aliniuliza, "Mwanangu, redio huwa mnabeba nini?" Nikamjibu, "Maneno, mama." Akanisukumia jiwe jingine. "Haya, beba na hili."

Sasa nikupeleke Makueni, tuone upande wa pili. Si mbali na mji wa Wote, kuna shule ya msingi nisiyoitaja jina. Pale uani lipo tangi la plastiki la lita 10,000, limeletwa na wahisani wa kujitolea, wengine kabisa, si wale wa daftari. Kibao kizuri, tarehe, majina. Nilipofika tangi lilikuwa kavu. Mifereji ya paa ilikuwa nusu tu, kipande kimoja kimening'inia. Bomba limevunjika kichwa, na ndani ya tangi nyuki walikuwa wamehamia. Nilimwuliza mwalimu kwa nini bomba halikubadilishwa, kitu cha shilingi mia chache. Akanijibu kwa upole kabisa, "Tunawangoja wenyewe."

Wenyewe! Ardhi ni ya shule, paa ni la shule, mvua ni ya Mungu, kiu ni ya watoto. Lakini wenyewe wako mbali, na namba yao ya simu imefutika kwenye kibao.

Simlaumu mwalimu. Tangi lilipokuja hakuulizwa mzazi alete hata kokoto moja. Hakuna aliyechimba shimo la msingi, hakuna aliyetozwa faini. Kwa Kikamba chakula cha msaada wakati wa njaa kinaitwa mwolyo, na mwolyo una adabu yake: unapanga foleni, unapokea, unashukuru, unaondoka. Mtu harudi kurekebisha gunia la mwolyo. Tangi lile lilikuja kwa njia ya mwolyo, likapokelewa kwa adabu ya mwolyo.

Na miti? Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza siku ya mapumziko nchi nzima ili tupande miti, na Rais William Ruto aliongoza zoezi hilo huku huku Makueni, kwenye ardhi oevu ya Kiu. Novemba kwetu ni mwezi mzuri wa kupanda, mvua ya vuli ikiwa imefika. Lakini Januari inakuja, na Februari, na mbuzi hawajui sikukuu. Nimeona shule moja ambako kila mche una jina la mtoto kwenye daftari, na mtoto akihamia darasa la juu anakabidhi mti wake kwa mwingine mbele ya wenzake. Uani pale pana kivuli. Nimeona na kwingine miche 1,000 ilipandwa asubuhi moja kwa fulana na muziki. Nilipopita tena niliona vijiti.

Bwawa nalo lina Januari yake. Mchanga ule unaohifadhi maji ni pesa kwa mwenye lori. Nairobi inajengwa usiku na mchana, reli ya kisasa ilipopita Emali na Kibwezi ilihitaji zege, na mto wenye bwawa ndio wenye mchanga safi kuliko yote. Lori likija usiku, halibebi mchanga tu, linabeba tangi lenyewe vipande vipande. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, na iliitunga baada ya ugomvi wa miaka mingi mitoni, wa mapanga na machozi. Sheria ni nzuri, ila saa nane usiku haiko mtoni. Aliye mtoni ni mwanakijiji mwenye tochi na filimbi. Kwenye lile daftari la Kitui kuna kurasa za nyuma, zimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu: zamu za usiku. Mradi unaisha siku ya kukata utepe kwa aliyekuja kukata utepe. Kwa wengine ndiyo kwanza ukurasa mpya umefunguliwa.

Nisije nikausifu mwethya mpaka nikasema uongo. Nililihesabu daftari. Kati ya majina 42 ya watu, wanawake ni 31. Wanaume wengine wako Nairobi na Mombasa wakitafuta riziki, sawa. Lakini wengine nilipishana nao asubuhi ile kwenye kivuli cha duka, mezani bao. Mama anayebeba mawe Jumatatu na Alhamisi ndiye anayeamka usiku kufuata maji, ndiye anayepika, ndiye mwenye mbuzi. Na faini ya shilingi 50 ni kitu kidogo kwa mwenye mshahara. Kwa mjane ni unga wa jioni. Vikundi vyenye busara vinalijua hilo. Nimeona mjane akipangiwa kuchota chai badala ya mawe, na mzee asiyeweza kuinama akikabidhiwa ulinzi wa vifaa, na wote wawili wakawekewa alama kamili.

Tena kujitolea kwetu kusiwe shuka la kumfunika anayelipwa kufanya kazi. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila Mkenya haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haikusema haki hiyo ni ya mwenye mgongo wa kubeba mawe. Kaunti ina bajeti na wahandisi. Ukimwona kiongozi anakuja kwenye bwawa lililojengwa na mwethya na kulifungua kwa hotuba, mwulize kwa heshima: mheshimiwa, jina lako liko ukurasa wa ngapi?

Kwa hiyo nirudi kwa klabu zetu, maana najua wengi wenu mnaonisikiliza mko ndani yake. Mnapima macho na sukari Mwingi, mnagawa visodo Kathonzweni, mnapeleka madawati Mutha. Endeleeni. Simiti haichimbwi mtoni. Chuma hakioti shambani. Fundi anayejua kusoma mwamba lazima alipwe. Mwethya peke yake ungekaa na rundo la mawe miaka kumi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hilo wahenga walilisema na ni kweli. Lakini wahenga hao hao walituachia na neno jingine, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulisema kumfukuza mgeni. Mimi naona ni kumkaribisha. Anayepewa jembe ameacha kuwa mgeni.

Jumamosi ijayo basi likiwashukisha mahali, kabla hamjafungua maboksi, ulizeni swali moja: daftari liko wapi? Kama kijiji kina kikundi, na vijiji vyetu vingi vinacho, msiunde kingine chenye jina lenu. Ombeni muandikwe. Ulizeni zamu yenu ni lini, faini ni ngapi, na nani atashika ufunguo mkishaondoka. Mkiambiwa hakuna daftari, basi ndugu zangu, msifungue boksi hata moja. Kaeni chini ya mwembe mpaka lipatikane. Siku hiyo mtaondoka bila picha. Mtakuwa mmefanya kazi.

Utaniuliza, na ile klabu iliyoandikiwa sifuri, ilikuwaje? Nilimpigia katibu simu wiki chache baadaye. Akaniambia walituma ujumbe kuomba radhi, basi lao lilikuwa limekosa dereva. Kikundi kikajadili, kikaona dereva si sababu, magari ya Kitui yako kila saa. Faini ikabaki. Wakaja watu sita tu, bila fulana, kwa matatu ya kawaida, wakalala kijijini, wakashinda mtoni siku mbili. Mhasibu wao mmoja, ambaye kazi yake ni kukagua vitabu vya kampuni kubwa, aliomba alione daftari. Akalipekua kurasa zote, akakuta kosa moja la hesabu, la shilingi 20. Katibu alinisimulia hilo kwa fahari. "Moja tu," akasema, "kwa miaka minne." Na Klabu? "Klabu alama. Siku zote mbili."

Nikamshukuru, nikataka kukata simu. Akanizuia.

"Ngoja mwanangu," akasema. Nikasikia karatasi zikifunguliwa. "Siku ile ulibeba mawe pamoja nasi, nami nilikuandika. Jina lako sikulikumbuka, nimeandika Redio. Tangu siku ile nimeita mara tano."

Kwa hiyo msikilizaji, ninapozungumza nawe hapa studioni, nadaiwa shilingi 250. Leo ni Alhamisi, siku ya mwethya, na sasa hivi kule mtoni majina yanaitwa. Zikifika zile za leo, ni 300. Nimeshakata tiketi ya kesho jioni. Ukipita njia ya Mutomo Jumatatu ukamwona mtu wa mjini amebeba jiwe vibaya, usinipe pole, ingia kwenye mstari.